Wembe kwa Mkono Mgeni

"Fundi gani, Mafabi? Nakuuliza mara ya tatu. Fundi viatu? Fundi redio?"

"Dada, punguza sauti. Mzee atasikia."

"Asikie. Wembe ni wake."

Mafabi aliutazama mlango wa chumba cha baba yao, kisha akayarudisha macho kwenye kitambaa kilichokuwa mapajani mwa dada yake. Juu ya kitambaa ulilala wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, ambao mzee alinyolea ndevu zake tangu dada huyo, Namono, hajaota meno ya pili. Sasa makali yake yalikuwa yamejikunjakunja kama ukingo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu, na karibu na ncha chuma kilikuwa kimeungua, kimekuwa cha buluu.

"Ni yule wa kule Industrial, mtaa wa viwanda," Mafabi alisema hatimaye. "Yule anayenoa visu vya jando. Mwaka huu wa tohara kila ngariba anapita kwake. Nikajiambia, kama vijana wanasimama mbele ya visu vyake na wanapona, ndevu za mzee mmoja zitamshinda?"

Namono alifumba macho. Alikuwa amefika hapa Nabuyonga, mjini Mbale, jana mchana kutoka Jinja, amefua mashuka ya mgonjwa, amepika, amelala kwenye kochi lenye springi zilizochoka kumzidi yeye, na kabla ya jioni alitakiwa awe barabarani tena, maana kesho yake shule ya Mpumudde alikokuwa katibu muhtasi ingemtaka mezani saa moja na nusu. Ilikuwa Jumapili ya sita mfululizo.

"Kisu cha jando kinamkata mtu mara moja katika maisha yake," alisema akiwa bado amefumba macho. "Wembe unapita shingoni kila asubuhi ya Mungu. Huyo fundi wako ameuweka kwenye jiwe la umeme, jiwe la mapanga."

"Ningejuaje? Aliniuliza, 'Unataka ukali wa namna gani?' Nikamwambia, 'Mkali sana.'"

"Akakupa mkali sana."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Nimechoka."

Mafabi alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale njia panda, na ndiye aliyekuwa akiishi na mzee tangu mama yao afariki. Dada yake alimwita mtoto mpaka leo, naye alikuwa amezoea kuitwa hivyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

"Na yote ni kwa sababu nilitaka kumsaidia," alisema. "Nimemnyoa kwa mashine, vipele. Nimemnyoa kwa wembe wa plastiki, umeona shingo ilivyovimba, ikatoa maji. Nesi akasema, 'Ndevu za aina hii zinarudi ndani ya ngozi. Tumieni wembe mmoja tu wa kukata juu juu, au mwacheni afuge.' Mzee anasema hafugi. Nikautoa wembe wake kwenye droo, umekaa wiki tatu bila kupigwa kwenye ukanda wa ngozi wa kunolea, ukawa unang'oa badala ya kunyoa. Ndiyo nikaupeleka."

Kabla Namono hajajibu, kulikuwa na kishindo kutoka chumbani. Ni mzee aliyekuwa akigonga ukuta kwa mkono wa kushoto, mkono uliobaki.

"Nimesikia," sauti ilisema, nzito, imepinda upande mmoja kama mdomo ulioitoa. "Leteni hapa."

Waliingia wote wawili. Mzee Wanyama alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia, mkono na mguu, lakini macho hakikuyagusa. Alikuwa askari magereza miaka thelathini na mmoja, na watoto wake walikulia kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri asubuhi na lugha ya uji jioni. Nje ya kambi watu walikiogopa kwa kumbukumbu za askari na bunduki zao. Wao walitumwa nacho dukani kununua chumvi.

Namono aliuweka ule wembe kwenye shuka, karibu na mkono mzima. Mzee aliuinua kuelekea dirishani, akautazama kwa jicho moja kuanzia kitako hadi ncha. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Aliurudisha kwenye shuka, akaufuta kwa kidole gumba kana kwamba umeingia vumbi tu, kisha akaugeuza uso wake ukutani. Ndevu za wiki tatu, nyeupe na zilizosokotana, zilimfunika kidevu kama ukungu.

"Baba," Namono alisema, "daktari wa viungo amesema miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye faida. Mwezi mmoja na nusu umekwisha na hujakanyaga kliniki hata mara moja. Amesema usipoonekana Jumamosi ijayo, nafasi yako anampa mgonjwa mwingine."

"Ampe."

"Unataka mguu huo ubaki hivyo?"

"Sitoki nje na uso wa mtu aliyekamatwa jana," mzee aliuambia ukuta. "Hapa mjini kuna watu nimewafungulia mlango wa gereza na watu nimewafungia. Hawatanipigia saluti nikiwa hivi."

"Nani anataka saluti zao?"

Namono alimjua baba yake. Kama uso haukuwa safi, mlango haukufunguliwa, na kama mlango haukufunguliwa, mguu ungekauka palepale kitandani. Mambo matatu makubwa yalikuwa yamening'inia kwenye chuma chenye upana wa kidole.

"Nitaleta wembe mwingine," alisema. Alipotoka alimkuta Mafabi ameshika bakuli la uji lililopoa, hajui alirudishe au alipashe moto.

---

Kule Jinja, Main Street, kuna maduka ambayo ukiingia unasahau ulichokuja kununua. Duka la Jasvinder lilikuwa mojawapo. Kulikuwa na misumari, mabomba, mikasi ya mafundi cherehani, vifaa vya saluni, na nyuma ya kaunta, Jasvinder mwenyewe, mama mnene wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu na kuolewa Jinja, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha walimu wa shule ya Namono.

Jumanne alasiri, Namono alisimama mbele ya kaunta ile na viatu mkononi, kisigino kimechubuka. Jasvinder hakushangaa. Alimsogezea kigoda.

"Kaa, dada. Unatafuta nini?"

"Wembe wa kukunja. Wa kunyolea ndevu. Sijui chochote kuhusu vitu hivi, usinidanganye, sina nguvu za kurudi kesho."

"Mtu anayesema hajui chochote ni vigumu kumdanganya," Jasvinder alisema. Aliinama, akaweka juu ya kaunta vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa seti ndani ya kisanduku cha kadibodi chenye kitambaa chekundu: wembe uliong'aa kama kioo, mpini wa mbao nyekundu, ukanda wa ngozi, na brashi. Cha pili kilikuwa wembe mkuukuu, mweusi mgongoni, usio na sanduku. Cha tatu kilionekana kama wembe wa kukunja uliokatazwa kukua: mpini mwembamba wa chuma, na mahali pa makali palikuwa na mdomo mtupu wa kubana kijiwembe.

Mkono wa Namono ulikwenda wenyewe kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu. Alimwona mzee akilifungua. Alimwona akinyamaza kwa namna nyingine.

"Huu."

"Mzuri sana," Jasvinder alisema. "Wa kuweka kabatini. Hebu uinue, uelekeze makali kwenye taa. Unaona nini?"

"Naona mstari mweupe, kama uzi."

"Huo uzi ni ubutu. Makali ya kweli hayaonekani, dada. Ukiyaona, hayapo. Huu umetoka kiwandani hivyo, haujawahi kunolewa, na chuma chake ni laini. Ukiunoa leo, kesho umelala. Wanauza mbao na kitambaa."

"Na huu mkuukuu?"

"Huu ni chuma cha kweli. Lakini una pengo hapa, na hapa. Unataka mtu wa kuukalia kwenye kinoo siku nzima, akiulaza mgongo na makali pamoja juu ya jiwe. Wengi huinua mgongo kama wanavyonoa kisu cha jikoni, basi wanaumaliza. Ukishapona unataka ukanda kila asubuhi. Ni kama kufuga ng'ombe."

Namono alicheka bila kukusudia. Kisha akamtazama vizuri yule mama, na nywele zake zilizofungwa nyuma zisizowahi kuguswa na mkasi. "Lakini ninyi hamnyoi. Umejuaje yote haya?"

"Nyumbani kwetu hakuna aliyenyoa tangu babu wa babu. Mume wangu ndevu zake zinafika hapa." Alijigusa kifuani. "Lakini ni fundi chuma, na mimi nauza. Muuza viatu kwani ana miguu mingapi? Sasa niambie. Unamnyoa nani?"

"Baba yangu. Kiharusi. Yuko Mbale."

"Pole sana. Na nani atashika wembe?"

"Mimi."

"Kila siku? Kutoka hapa?"

Barabara ya Tirinyi, ya kwenda Mbale, ilipita mbele ya macho ya Namono, pamoja na wiki zile sita. Alikuwa amelifikiria jambo hili kama anavyofikiria mengine yote, kwamba atalifanya yeye, na hakuwahi kujiuliza atalifanya siku gani.

"Yupo ndugu yangu mdogo," alisema polepole. "Anaishi naye. Lakini huyo ndiye aliyeuua wembe wa kwanza. Aliupeleka kwa mnoa visu vya jando."

Jasvinder aliweka mkono mdomoni. Mabega yake yalitikisika. "Samahani, dada. Samahani. Visu vya jando?"

"Cheka tu. Mimi nimeshindwa."

"Na huyo ndugu anafanya kazi gani?"

"Anatengeneza simu. Vitu vidogo vidogo vile, bisibisi kama sindano."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Basi ana mkono mwepesi kuliko wako na wangu," Jasvinder alisema. "Alikosea njia, hakukosea mkono. Dada, unanunua kwa ajili ya uso. Usinunulie uso. Nunulia mkono." Alikisogeza kile kitu cha tatu. "Huu hauna haja ya kinoo wala ukanda. Unavunja wembe wa kawaida katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu unaibana hapa. Ukichoka unaitupa, unaweka mpya. Chukua huu wenye kona za mviringo, si ule wenye kona kali, maana kona ndiyo humchoma mgeni wa kazi. Lakini sikiliza. Hauna uzito, kwa hiyo mtu hushawishika kuusukuma. Usiusukume. Ni mkali tayari."

"Mzee wangu ataudharau."

"Ataudharau akiwa amenyolewa."

---

Siku ya Alhamisi, wanafunzi walipokwisha kwenda nyumbani, Namono alifunga mlango wa ofisi, akapaka sabuni kwenye muundi wa mguu wake na kujaribu. Mara ya kwanza alisukuma, kama alivyokanywa asifanye, na damu ikatoka mstari mrefu, mwembamba, usiouma hadi alipouona. Mara ya pili aliivuta ngozi kwa mkono mmoja na kuuacha wembe uteleze. Ulitoa mlio mdogo mkavu, kama wa panya anayekula karatasi, na nyuma yake ngozi ilibaki safi. Alinyoa muundi wote kwa saa nzima. Alikuwa na barua nne za kupiga chapa. Aliziacha.

Njiani kurudi nyumbani alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwachia Mafabi kazi ikakamilika bila yeye kuja kuikagua. Hakukumbuka. Hakukumbuka pia kama ilikuwa kwa sababu Mafabi alishindwa, au kwa sababu yeye alifika kabla hajamaliza.

---

Jumamosi saa tatu asubuhi mzee alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa shati jeupe. Hilo Mafabi alilifanya mwenyewe, na vifungo vilikuwa mahali pake. Daktari wa viungo angeondoka kliniki saa sita. Namono aliweka kitu chake juu ya taulo.

Mzee alikitazama. "Nini hiki?"

"Wembe, Baba."

"Hiki ni kibanio cha wembe. Wembe uko wapi?"

"Unaingia humu. Kila mara mpya. Haunolewi."

"Mtu asiyenoa hanyoi. Anakwaruza."

"Sawa. Basi nani atanoa?" Namono alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakupandisha sauti, hakuwa nayo ya kupandisha. "Mkono wako umelala. Mimi naishi Jinja. Huyu akienda kunoa, anakwenda kwa fundi mapanga."

"Dada, neno hilo halitakwisha?" Mafabi aliuliza.

"Litakwisha ndevu zikiisha."

Upande mzima wa mdomo wa mzee ulicheza kidogo, kisha ukatulia. Alitazama dari.

"Si wembe," alisema. "Sikilizeni. Kule kazini, Jumamosi ilikuwa siku ya vichwa. Nyembe sita zinatoka, nyembe sita zinarudi. Wanapanga foleni, wanalowesha nywele zao kwenye ndoo." Methali ile ya kutia maji mwenzako akinyolewa, kwa mzee haikuwa methali. Ilikuwa utaratibu wa kambi. "Anayenyoa amesimama. Anayenyolewa ameinama. Miaka thelathini na moja sijampa mtu shingo yangu. Anayenyolewa na mwingine ni mfungwa."

"Wiki zile za kwanza Mafabi alikunyoa."

"Wiki zile za kwanza sikuwepo, akili ilikuwa mbali."

Kwa jirani redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Namono alitazama saa, akaitazama miguu miwili chini ya shuka, mmoja umekunjwa goti, mwingine umelala kama uliosahauliwa na mwenyewe. Alikuwa amekuja na maneno ya kubembeleza. Aliyaweka kando.

"Wale uliowanyoa walitaka kutoka, Baba, mlango ukawazuia," alisema. "Wewe mlango wako huo hapo, uko wazi wiki ya saba sasa. Nani amekufunga?"

"Dada!" Mafabi alisimama.

"Niache. Nimeuliza swali. Hana haja ya kunijibu mimi."

Mzee aligeuza kichwa. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa macho yale yaliyokuwa yakihesabu wafungwa kila jioni, na Namono hakuinamisha yake. Neno lilikuwa limetoka. Hakulifuata kulirudisha.

"Mafabi," mzee alisema.

"Naam, Baba."

"Maji. Ya moto. Si ya uvuguvugu kama ya juzi."

Mafabi alikwenda mbio. Aliporudi na beseni, Namono alikuwa amekwisha kuvunja kijiwembe ndani ya karatasi yake, amekibana mdomoni mwa kile chuma, amekunja mikono ya gauni. Alikuwa na muundi mmoja safi wa kuonyesha kwamba anajua.

"Wewe Jumatatu utakuwa hapa?" mzee alimuuliza.

"Hapana."

"Jumanne?"

"Hapana, Baba."

"Basi mpe anayebaki."

Mafabi aliweka beseni chini na maji yakaruka. "Mimi? Baada ya... Mzee, mimi si niliharibu?"

"Uliharibu chuma. Hii ni shingo, utakuwa mwangalifu zaidi. Lowesha taulo. Weka usoni. Hesabu mpaka mia mbili, usiruke."

Mafabi alihesabu. Alihesabu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipofika mia na arobaini mzee alimwambia afunge mdomo ahesabu kichwani. Sabuni ilipakwa, povu likapanda. Namono alimweka ndugu yake upande wenye mwanga, akamwonyesha: vuta ngozi kwa vidole vya kushoto, laza wembe karibu ulale, fuata ndevu zinakoelekea, usirudi nyuma.

"Usiusukume," alisema. "Ni mkali tayari."

"Nimesikia."

"Umeusukuma."

"Sijaugusa bado, dada!"

"Namono," mzee alisema chini ya povu, "askari wawili hawashiki bunduki moja."

Namono akaketi miguuni pa kitanda. Mafabi alipangusa vidole kwenye suruali, mara mbili, kama alivyofanya kabla ya kufungua simu ya mtu mkubwa. Aliinama mpaka pumzi yake ikatikisa povu. Kisha wembe ukashuka kutoka sikioni, ukatoa ule mlio mkavu, na nyuma yake ukaonekana mstari wa ngozi ambayo Namono hakuiona kwa mwezi mzima, ya kahawia, yenye mikunjo, ya baba yao. Mstari wa pili. Wa tatu. Mafabi alikuwa ameuma ulimi wake kwa pembe ya mdomo.

Chini ya taya, mahali ngozi ilipolegea, wembe ulikwama. Tone jekundu lilichomoza kwenye weupe wa sabuni, likaanza kutambaa.

Namono alikuwa amekwisha kunyanyuka. Mkono wake ulikuwa umenyoshwa, kiganja juu, kudai wembe. Mafabi alimtazama, akauinua ule wembe nusu, tayari kumpa, kama alivyompa mambo yote.

Mzee hakufumbua macho. Mkono wake wa kushoto ulipanda polepole kutoka kwenye shuka, ukasimama wima hewani, kiganja kikimwelekea binti yake. Ndivyo alivyosimamisha malori langoni.

Mkono wa Namono ulibaki mahali ulipokuwa. Aliuona, akaona jinsi ulivyozoea kuwa pale. Damu ilikuwa kidogo. Ilikuwa kidogo kuliko ya muundi wake.

"Bana kwa pembe ya taulo," alimwambia Mafabi. "Kisha endelea. Upande wa pili ngozi imelegea zaidi, ivute vizuri."

"Unakwenda wapi?"

"Kutafuta gari."

Alichukua mkoba wake, akapita mlangoni na hakusimama nje ya dirisha kusikiliza. Njia panda, chini ya kivuli cha bango, Shakul wa gari la kukodi alikuwa akipangusa kioo cha mbele kwa gazeti.

"Kliniki ya viungo," Namono alimwambia. "Halafu unatusubiri na kuturudisha."

"Mama, mgonjwa yuko tayari? Mimi sipendi kukaa kwenye mlango wa watu saa nzima."

"Amebakisha shavu moja."

"Nani anamnyoa, kinyozi ameitwa nyumbani?"

"Ndugu yangu."

Shakul alimwangalia kuona kama anatania. Namono alikuwa amekwisha kufungua mlango wa mbele. Alikisogeza kiti cha abiria nyuma mpaka kikagota, ili mguu mbovu upate nafasi, akaufunga mlango, akaingia kiti cha nyuma na kuweka mkoba magotini.

"Washa," alisema.